Daftari la waliong'atwa na daftari la mbwa waliochanjwa

Mtoto anang'atwa na mbwa Jumamosi jioni. Jumapili asubuhi mama yake anamkimbiza kituo cha afya, kidonda kinaoshwa kwa maji na sabuni, jina linaingia kwenye rejista: umri, kijiji, ameng'atwa wapi mwilini. Kuhusu mbwa yameandikwa maneno mawili tu: "mbwa, jirani". Jumanne afisa mifugo wa kata hiyohiyo anapita mtaa huohuo, kaunta buku la chanjo ya kichaa cha mbwa likiwa kwapani. Mbwa yule yumo humo: dume, mweusi, baka jeupe kifuani, chanjo ya mwisho Mei mwaka juzi. Afisa hana habari kwamba kuna mtoto aliyeng'atwa. Na muuguzi hana habari kwamba chanjo ya mbwa imeshapitwa na wakati.

Kampuni yetu ni ndogo na kazi yetu ni kutengeneza programu za kumbukumbu kwa idara za mifugo za halmashauri. Wateja wengi wanapotupigia simu wanaomba "mfumo wa kusajili mbwa". Tunawaelewa, ila huwa tunawaomba tuanzie kwingine: kwa mtu aliyeng'atwa.

Sababu ni ugonjwa wenyewe. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya hapo anaokolewa kwa kuosha kidonda dakika 15 na kuwahi chanjo, na katika siku hizo chache kuna kalenda mbili zinazokwenda sambamba. Mgonjwa anarudi kuchomwa siku ya 3 na ya 7, na ratiba nyingine zinaendelea hata baada ya hapo. Mbwa, kama amepatikana, anafungiwa na kuangaliwa siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, maana yake siku aliyong'ata hakuwa na virusi kwenye mate. Akifa siku ya nne, au akipotea, hiyo ni habari ambayo daktari wa binadamu anapaswa kuipata saa hiyohiyo, na vilevile majirani wote ambao mbwa huyo alipita kwao. Kalenda ya kwanza iko kituo cha afya, ya pili iko kwa afisa mifugo, na mara nyingi kinachoziunganisha ni simu ya mtu mmoja mwenye moyo wa kazi. Siku akihamishwa kituo, kamba imekatika.

Kwa hiyo kwenye programu yetu tukio la kung'atwa ndilo linalofungua jalada. Muuguzi anaandika mambo sita tu, ujumbe mfupi unamfikia afisa mifugo wa kata, na jalada halifungwi mpaka pande zote mbili zijaze: mgonjwa amemaliza dozi, mbwa amefikia wapi. Toleo letu la kwanza lilikuwa na vipengele 31. Tulipokwenda kulikagua tulikuta watu wamejaza alama ya mkato kila mahali ili wapite, na walikuwa na haki, kwa sababu mgonjwa yupo mbele yao anavuja damu. Tukapunguza.

Rangi ya mbwa nayo ilitufundisha. Mbwa mmoja, afisa huyu kaandika "mwekundu", yule "kahawia", wa tatu "rangi ya udongo". Ukitafuta neno moja, wale wengine wawili hawatokei. Sasa unachagua kwenye picha, na unampiga mbwa picha kwa simu. Mwenye mbwa tunamtambua kwa namba ya simu pamoja na jina la mjumbe wa shina, maana namba za simu hubadilika na mjumbe anamjua mtu wake.

Mambo haya hatukuyabuni sisi. Kusini mwa Tanzania, kuanzia mwaka 2011, wahudumu wa afya na maafisa mifugo walituma taarifa za watu waliong'atwa, na pia za mbwa waliochanjwa, kwa simu za kawaida kabisa. Kisiwani Pemba kichaa cha mbwa kilimalizwa, kikarudi mwaka 2016, kikamalizwa tena mwaka 2018. Watafiti waliweza kufuatilia kilivyosambaa kwa sababu matukio yaliandikwa na kufuatwa nyumba hadi nyumba, tena wakalinganisha na vinasaba vya virusi. Pasipo kumbukumbu, kila mbwa angeonekana ni ajali ya peke yake.

Sasa chanjo. Shabaha inayojulikana ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Ripoti nyingi tunazoletewa zinasema "tumechanja mbwa 1,240" na kuishia hapo. Kati ya wangapi? Njia nafuu ipo: kila mbwa anayechanjwa avikwe kola ya rangi moja, kisha jioni hiyo au kesho yake tembea mitaani ukihesabu wenye kola na wasio nayo. Ukiona mbwa 50 na kola ni 22, mtaa huo rudi kabla chanjo haijaisha kwenye jokofu. Programu ina ukurasa wa hesabu hiyo, mistari miwili tu. Kwetu sisi ndio ukurasa wenye thamani kuliko yote, ingawa wateja wengi huwa hawauulizii. Namba ya bechi ya chanjo inaandikwa mara moja asubuhi na kujijaza yenyewe siku nzima.

Programu inafanya kazi bila intaneti na kutuma taarifa mtandao ukipatikana. Majina ya wagonjwa hayaonekani kwa afisa mifugo. Anaona mtaa, tarehe na mbwa. Hayo ni matakwa ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo tungefanya hivyohivyo.

Hatutozi kwa idadi ya mbwa. Tungefanya hivyo, halmashauri inayochanja zaidi ndiyo ingelipa zaidi. Malipo ni kwa mwaka, kwa halmashauri nzima, na mafunzo kwenye kata yamo humohumo.

Kaunta buku msilitupe. Mkituita, tuwekeeni mezani la miezi mitatu iliyopita pamoja na rejista ya kituo cha afya kimoja. Siku ya kwanza tunakaa na afisa mifugo na muuguzi, tunasoma mstari kwa mstari na kutafuta mbwa wangapi wamo kwenye vitabu vyote viwili.