Saba ya Mjapani si saba yetu

Mhariri,

Kuna mtindo unaoniudhi katika makala za lugha. Mtu akikuta neno la Kiswahili limefanana na la lugha ya mbali, papo hapo anatangaza undugu wa kale. Naomba gazeti lako lisiyapokee madai hayo bila ushahidi.

Chukua saba. Sisi tumelipata kwa Waarabu, wanaosema sab'a. Ile sauti yao ya kooni tumeiacha njiani. Kwa Wajapani saba ni samaki wa jamii ya kibua. Wafilipino wana ndizi ya kupika iitwayo saba. Na kwa Kiebrania saba ni babu, neno la Kiaramu lenye maana ya mzee. Hayana ukoo hata kidogo.

Wajapani wana msemo, "kusoma saba", yaani kudanganya katika hesabu, hasa ya umri. Mpenda undugu atashangilia: si hesabu hiyo! Lakini wenyewe husimulia kwamba samaki huyo huoza upesi, basi wauzaji walimhesabu mbiombio na idadi haikuaminika. Msemo umetoka kwa samaki, haukutoka kwenye namba.

Ndugu wa kweli wa sab'a kwa Kiebrania ni sheva, ambalo kwa sura halifanani sana. Twajuaje? Kwa sababu s ile kugeuka sh hakukutokea mara moja tu. Mwarabu akisema salaam, Mwebrania husema shalom. Ism, yaani jina, ni shem. Lisan, ulimi, ni lashon. Mabadiliko yanayojirudia hivyo, neno baada ya neno, ndiyo ushahidi ninaouomba.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tunahangaika na Japani ilhali la nyumbani tumelisahau. Kabla saba haijashika, wazee walihesabu mfungate, kama walivyosema mtandatu kwa sita na kenda kwa tisa. Mfungate umetoweka kwenye hesabu, umebaki kwa maharusi: fungate, siku saba za mwanzo za ndoa. Leo mtu huenda fungate ya siku tatu na hakuna anayeshtuka, maana namba iliyomo ndani ya neno hatuisikii tena. Tuandikie makala juu ya neno hilo, Mhariri. Nitaisoma mimi wa kwanza.

Msomaji wako