Mafuta ya chini ya ardhi siyo hela mkononi

Ndugu Mhariri,

Tangu bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima Uganda mpaka Tanga, kilomita 1,443 zote zile, lianze kulazwa na kupita huku mkoani kwetu Tabora, vijana wa hapa Nzega kijiweni ni stori za hisa za kampuni za mafuta na gesi tu, na mimi nafurahi kabisa wakiwekeza ila namna wanavyopima thamani inaniumiza roho. Mtu anaambiwa kampuni ina mapipa milioni kadhaa ardhini, anatoa hela. Jamani!

Hayo mapipa ni kama asali iliyoko kwenye mizinga porini Sikonge, haijarinwa. Piga hesabu ya mauzo yote yajayo, toa gharama za kuchimba, kodi, mgao wa serikali, na ile ya kufunga visima mwishoni ambayo wengi wanaisahau, halafu punguza tena kwa sababu hela ya miaka kumi mbele siyo sawa na ya leo (Marekani ripoti za kampuni za mafuta zinapunguza kwa asilimia 10 kwa mwaka), ndo utoe madeni, kinachobaki gawa kwa idadi ya hisa, hapo ndo unapata thamani ya hisa moja.

Na bei je? Aprili 2020 mafuta ya Marekani yalishuka mpaka chini ya sifuri, ukipiga hesabu kwa bei ya juu unajidanganya.

Naomba gazeti lako litenge hata nusu ukurasa, mtu anayejua hesabu hizi awaeleze vijana kwa Kiswahili, mapema kabla hawajauza ng'ombe.

Msomaji wako,
Nzega, Tabora