Barua kutoka Zeeland: Msinunue mbegu ya chaza wa kigeni

Kwa Shangazi na wote wa Tongoni,

Shikamoo Shangazi. Huku Uholanzi tu wazima. Tumepata habari kwamba kikundi chenu kinashawishiwa kununua mbegu, yaani watoto wa kufuga, ya chaza wa Pasifiki kwa kuwa hukua upesi. Tunawasihi, msikubali.

Asili yake ni Japani. Baridi kali ya 1963 iliangamiza chaza wa hapa, na 1964 wafugaji wa Oosterschelde, ghuba yetu ya huku Zeeland, wakaletewa huyu. Ilisemwa kwamba maji ya huku ni ya baridi, atanenepa lakini hatazaa. Joto la 1975 na 1976 likaja, akazaa. Jike mmoja hutaga mayai milioni 50 au zaidi kwa mkupuo, na watoto huelea na mkondo wiki mbili tatu kabla ya kunata penye kitu kigumu. Uzio gani utawazuia? Wadogo hunata juu ya magamba ya wakubwa mpaka pwani inakuwa miamba yenye makali ya wembe. Fikirini kina mama wanaoshuka pekupeku wakati wa bamvu, maji yanapokupwa sana. Kome wa huku, kusema haki, hawakwisha kwa ajili yake; wengi wanaishi kwenye nyufa kati ya chaza. Ila kumng'oa mgeni huyu kumeshindikana kabisa.

Tena haji peke yake. Huku aliingia na mwani wa Kijapani, na kidudu kinachokaa ndani ya utumbo wake kikahamia kwa kome. Kuosha mbegu hakukitoi.

Chaza wenu wa mikoko anatosha. Ili watoto wake wapate pa kunata, toboeni magamba makavu ya chaza, myatunge kwenye kamba, na kati ya gamba na gamba mtie kipande cha mwanzi cha sentimita 3 maji yapite. Tundikeni kwenye nguzo mkondoni, pale panapoanikwa kidogo maji yakipwa. Msiwahi: subirini mwone watoto wa chaza wameanza kunata kwenye mizizi ya mikoko, maana gamba likishika tope na utelezi hawanati tena. Wakifika ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, wabandueni kwa kisu butu, muwatie kwenye tenga la wavu. Tenga litikiswe kila bamvu, la sivyo watashikana na magamba yatapinda. Na mkae mbali na mifereji ya mji. Chaza huchuja maji na vijidudu hubaki mwilini mwake.

Mkishatundika kamba za kwanza, tutumieni picha za magamba kwa karibu.

Wenu,
Wanenu wa Zeeland