Neno "bikepacking" na mizigo yake

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi, na wote hapo nyumbani. Uliuliza neno "bikepacking", yaani kusafiri kwa baiskeli ukibeba mizigo yako ya njiani, limetoka wapi, na mbona wanaosafiri hivyo hawafungi keria.

Neno limeungwa: "bike", baiskeli, limechukua mahali pa mwanzo wa "backpacking", safari ya miguu yenye mzigo mgongoni. Jarida la National Geographic lililitumia Mei 1973, katika makala ya Dan Burden kuhusu safari iliyoanzia Alaska mwaka 1972 kuelekea ncha ya Amerika Kusini. Ila wale walibeba mikoba ya pembeni juu ya keria. Mtindo wa leo, mifuko laini inayofungwa kwenye fremu yenyewe, ulikomaa baadaye hukohuko Alaska, kwa waendeshaji wa kwenye theluji.

Kitendo kina umri mkubwa kuliko jina. Mwaka 1897 askari weusi 20 wa Marekani, chini ya luteni James Moss, walitoka kwa baiskeli kambi ya Fort Missoula, Montana, hadi mji wa St. Louis, kama kilomita 3,000. Blanketi lilikunjwa mbele ya usukani, na kasha likakaa katikati ya fremu. Napenda sana kuwataja hawa, maana husahauliwa.

Keria inaachwa kwa sababu hushikiliwa na skrubu chache nyembamba. Njia ya mawe huzilegeza, kisha hukatikia ndani ya tundu la fremu, na kuzitoa humo ni kazi. Mikoba ya pembeni nayo hunasa vichaka.

Ukifunga, vizito (maji, spana, chakula) viingie mfuko wa fremu, chini karibu na pedali. Begi la kulalia na vitu vyepesi viende mbele. Kisha geuza usukani pande zote uone kama waya za breki zinabanwa. Mfuko wa nyuma ya kiti, lita 10 hadi 14, ukiyumba, ujue ncha yake iliyo karibu na mlingoti wa kiti ni tupu. Shindilia hapo kwanza, ndipo ukaze mikanda. Ukiwa umeketi, mtu apime: vidole vinne vipite kati ya mfuko na tairi. Bandika utepe kila mkanda unapogusa rangi, kwani vumbi likiingia chini ya mkanda husugua kama msasa.

Kabla hujanunua mfuko wa fremu, pima pembetatu ya fremu kwa ndani, unitumie vipimo.

Wako,
Mwanaisha