Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu, na ile moteli

Ndugu wanachama, habari zenu. Katibu kaniambia nisiwe mrefu, nitajaribu, ila mnajua wenyewe mwaka huu hauwezi kusimuliwa bila kuitaja ile moteli tuliyofikia kwenye safari yetu.

Yale mepesi kwanza. Ada zimeingia vizuri kiasi, wapya wamejiunga, walioondoka wameondoka kwa amani, na vikao vya kamati vimekaa isipokuwa kimoja ambacho akidi haikutimia. Hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe, mimi simuingilii.

Sasa safari. Tulilipia sehemu yenye vyumba na uwanja wa kambi pamoja, ili wazee na wenye watoto wadogo walale ndani, wengine wapige mahema nje, na kwenye picha palipendeza kweli, bwawa la kuogelea maji ya bluu kabisa. Tunafika, bwawa maji ya kijani chini hakuonekani, limezungushiwa kamba, kijana wa risepsheni anasema "liko kwenye sevisi", na majani yaliyokuwa yanaelea mle yameshaoza, kwa hiyo hiyo sevisi ilianza zamani sana.

Niseme wazi, mahali pakuukuu sina shida napo. Rangi kubanduka, mlango kulia, kapeti kufifia, hayo ni umri tu na bei yenyewe ilikuwa inasema. Uchakavu nausamehe, uzembe hapana.

Chumba cha kona, mwenzetu mmoja kabla hata hajaweka begi chini aliinua shuka akafunua mshono wa godoro kwa kucha, vidoadoa vyeusi vimejipanga humo kama mtu kapitisha kalamu ya wino. Kinyesi cha kunguni hicho. Na kunguni hana haraka, chumba kinaweza kukaa miezi bila mgeni yeye anasubiri tu, halafu ukimbeba kwenye begi anaenda kuanzisha ukoo nyumbani kwako, ndo maana niliwasumbua mfue kila kitu kwa maji ya moto ya nyuzi 60. Kuna walionicheka, sawa.

Kilichonitisha zaidi mimi ni hita ya gesi bafuni. Moto wake njano badala ya bluu, na tundu la kutolea hewa limezibwa na magazeti, eti baridi isiingie! Gesi ikikosa hewa ya kutosha haiungui vizuri, inatoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, mtu kichwa kinaanza kumuuma anadhani ni uchovu wa safari, analala, haamki. Tukazizima zote, watu wakaoga maji baridi na lawama zote zikaletwa kwangu, na hata leo ningezizima tena.

Watu wa mahema wao walipewa bondeni, penye nyasi za kijani zimeshiba, wakafurahi sana maana uwanja wote uliobaki nyasi zilikuwa zimekauka kabisa, na kwa nini pale tu ndo kijani hakuna aliyeuliza. Usiku harufu ikapanda. Asubuhi ukikanyaga ardhi inabonyea, kumbe shimo la maji taka limejaa na linavuja chini kwa chini mpaka pale, yaani nyasi zilikuwa zinakula kuliko sisi. Bomba la maji ya kunywa nalo liko hatua chache tu kutoka hapo, hatukujua hayo maji yanatoka wapi, tukachemsha kila tone mpaka tulipoondoka, na tuliondoka mapema kama mnavyokumbuka.

Kuhusu pesa, mwenye moteli alikuwa hapokei simu, baadaye akajibu kwamba fedha ikishalipwa hairudi. Tumemwandikia barua, tumeambatanisha risiti na picha zote, hasa ile ya tundu lililozibwa. Jibu alilotoa mpaka sasa ni kwamba tukirudi atatupa punguzo. Turudi wapi?

Kamati inapendekeza hivi: kuanzia sasa tutoe advansi ndogo tu, salio lisilipwe mpaka watu wawili wametangulia kwenda kuona kwa macho, wafunue magodoro, wawashe hita waone moto una rangi gani, wazunguke nyuma ya vyoo, waulize maji yanatoka wapi, na uwanja wa mahema waukanyage kwa miguu sio kuangalia kwa mbali kutoka kwenye gari. Kuna wanaosema nauli ya hao wawili ni kuongeza gharama. Ni kweli, ila mlishaona tulichopoteza safari hii, mweka hazina atawatajia. Tutalipigia kura kwenye mkutano mkuu, na anayetaka kuwa mmoja wa hao wawili ampe katibu jina lake kabla ya siku hiyo, nauli mnalipiwa, posho hamna.