Kelele za mitambo ya upepo zipimwe usiku, si mchana wa shwari

Mhariri,

Katika ripoti yenu kuhusu mitambo ya upepo, halmashauri ilidai kwamba malalamiko yote ya wakazi yameshughulikiwa. Nimenyamaza miaka mingi, lakini hilo siliachi lipite.

Yameshughulikiwaje? Mimi nililalamikia mngurumo wa usiku, ule wa kupanda na kushuka, vuu, vuu, kila panga linapopita, unaoingia chumbani hata dirisha likifungwa. Afisa akaja saa nne asubuhi, hakuna upepo, mapanga yamesimama kabisa. Akainua kipima sauti pale getini, akaandika kuwa hakuna kelele, akaondoka. Nilipomwomba arudi usiku, akasema muda wa kazi ni mwisho jioni. Kisha barua yangu, yenye jina na namba yangu ya simu, ikapelekwa kwa kampuni ileile niliyoilalamikia, na kampuni ndiyo iliyonijibu! Kesi ya ngedere kapewa nyani. Halmashauri ndiyo iliyotoa kibali na kuweka masharti, sasa nani mwingine ayasimamie? Wala si jambo lisilopimika. Denmark, kikomo cha kelele kwa nyumba za mashambani ni desibeli 42 upepo ukiwa na kasi ya mita 6 kwa sekunde, na 44 ukifika mita 8. Wenzetu wanajua kwamba kipimo kisichotaja kasi ya upepo ni bure. Ujerumani, hata vivuli vya mapanga vinavyopepesa madirishani vina kikomo: dakika 30 kwa siku, saa 30 kwa mwaka. Australia iliteua kamishna wa malalamiko ya mashamba ya upepo mwaka 2015.

Na barabara je? Malori yaliyoleta mapanga hayo yaliibomoa, mpaka leo idara zinatupiana mpira.

Siupingi umeme wa upepo. Nataka rejesta ya malalamiko ikae kaunta, kila mtu aisome, kila lalamiko liwe na namba, tarehe na jina la afisa anayehusika. Vipimo vichukuliwe kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, upepo ukivuma. Kasi ya upepo itolewe kwenye kumbukumbu za mtambo wenyewe, maana kompyuta zake huiweka kila baada ya dakika 10. Kampuni ikikataa kuzitoa, izime mtambo usiku hadi itakapozitoa. Na kipima sauti kiwekwe nje ya dirisha la chumba cha kulala, si getini.

Mkazi wa jirani na mitambo