Ulezi wa wanafunzi wa udaktari usiishie wiki ya kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakuu wa vyuo vya udaktari. Vyuo vingi huwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza walezi kutoka madarasa ya juu. Majina hubandikwa ubaoni, wahusika wakapeana namba za simu, basi. Mitihani ya kwanza ikifika, hakuna anayemtafuta mwenzake. Vijana hulaumiwa kwa uvivu, lakini wamelazimishwa kupangiana wenyewe ilhali mmoja yuko maabara ya anatomia mchana kutwa na mwingine yuko wodini, tena na zamu za usiku.

Bora viundwe vikundi: walezi wawili kwa wanafunzi sita, ili mmoja akiwa zamu mwenzake awepo. Wakutane kila wiki kwa wiki sita za mwanzo, kisha kila baada ya wiki mbili, saa moja tu, siku ile ile. Mlezi awe mbele kwa mwaka mmoja au miwili. Profesa amekwisha sahau ilivyokuwa kutouelewa mzunguko wa Krebs, yaani hatua za kikemia ambazo seli hutumia kupata nguvu kutoka kwenye chakula. Wa mwaka wa pili bado anapakumbuka pale pale alipokwama. Kwa hiyo alama za juu zisiwe kigezo pekee cha kumteua. Aliyerudia somo akafaulu ana mengi ya kumwonyesha anayeanza kuyumba.

Walezi nao wafundishwe kufundisha. Kwa stadi za mikono ipo njia ya hatua nne ya daktari mpasuaji Peyton. Tuchukue kupima shinikizo la damu. Kwanza mlezi hupima kwa mwendo wa kawaida, bila neno. Kisha hupima tena akieleza kila anachofanya. Mara ya tatu mikono ni ya mlezi, ila anayejifunza ndiye anayemwelekeza. Mwisho anayejifunza hupima mwenyewe huku akieleza. Hatua ya tatu hurukwa kwa haraka ya kumaliza, nayo ndiyo inayofichua kasoro. Mwanafunzi akisahau kuagiza mpigo wa kifundo cha mkono uguswe kwanza, mkanda ujazwe mpaka mpigo upotee, kisha ziongezwe milimita 30 za zebaki, mlezi anajua papo hapo. Si jambo dogo: kwa baadhi ya wagonjwa sauti ya mpigo inayosikilizwa kwa stethoskopu upepo ukitolewa hupotea katikati kisha hurudi, na asiyegusa mpigo anaweza kuanzia ndani ya pengo hilo, akaandika shinikizo dogo kuliko lilivyo. Upepo utolewe polepole, kipimo kishuke milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Mkanda nao ulingane na unene wa mkono, kwani ulio mdogo hupandisha kipimo.

Mlezi pia hukosea, na kosa lake husambaa upesi kwa kuwa anaaminiwa. Kila mada iwe na ukurasa mmoja uliopitiwa na mhadhiri, na mlezi azoee kusema, "Sijui, nitauliza." Vikao visigeuzwe soko la mitihani ya zamani, wanaokariri majibu hukwama mbele ya mgonjwa ambaye dalili zake hazikupangwa kwa herufi A hadi E.

Kuhusu siri, yanayosemwa kikundini yasifike kwa mkuu wa chuo wala yasiguse alama za mtu. Mpaka wake uelezwe siku ya kwanza: mwanafunzi akidokeza kutaka kujidhuru, mlezi hawezi kuahidi kunyamaza. Amuulize waziwazi kama anafikiria kujiua, maana kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Asimwache peke yake. Amsindikize siku hiyo hiyo kwa mshauri nasaha au daktari, wafike wote wawili, kwani aliyekata tamaa akipewa namba ya simu tu huenda asipige. Na mlezi mwenyewe awe na mhadhiri anayemfahamu wa kumgeukia baada ya siku kama hiyo. Hili husahaulika mno, na walezi wazuri huchoka kimyakimya wakajitoa.

Tunachowaomba wakuu ni saa moja iliyoandikwa kwenye ratiba rasmi, isiyoingiliwa na mhadhara wala zamu, na chumba chenye mlango unaofungika.

Mkufunzi wa wanafunzi wa udaktari